Siku Niliporudisha Cheti cha Msamaha

Nilikuja Kimamba kwa treni kutoka Kigoma, miaka michache baada ya vita ya pili ya Wazungu, nikiwa na macho mawili mazima na mkataba wa kukata mkonge. Kwetu ni Buha, kwenye vilima vya baridi ambako asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni. Huku tulikoletwa kulikuwa tambarare na joto, na mkonge ulipangwa mistari mpaka macho yakachoka kuufuata. Tuliitwa manamba kwa sababu kila mmoja wetu alipewa namba. Namba hiyo ndiyo iliyoandikwa kwenye kipande, kadi ambayo mnyapara aliitia alama kila siku uliyomaliza kazi. Nilikusudia kujaza vipande vyangu, ninunue baiskeli na blanketi la mama, kisha nirudi.

Jani la mkonge lina mwiba kwenye ncha, mweusi na mgumu kama sindano ya kushonea magunia. Mkataji mzoefu huukata kwanza mwiba ulio mbele yake ndipo ainame. Siku ile niliukata. Nilichosahau ni mmea wa ubavuni. Niliinama, nikakata majani ya chini, nikainuka huku nageuka kumjibu mwenzangu aliyeniuliza kama nimebakiwa na maji. Sikusikia maumivu papo hapo. Ilikuwa kama mtu amenigusa jicho la kushoto kwa kidole.

Walinipeleka hospitali Kilosa kwa lori la shamba. Daktari alikuwa Mzungu mzee mwenye mikono ya baridi, na msaidizi wake alinitafsiria.

"Anasema jicho hili limekufa. Litolewe sasa. Likibaki linaweza kumvuta mwenzake."

"Mwenzake ni mzima," nikasema. "Mwambie naona mpaka vifungo vya koti lake."

Daktari alirudi kesho yake, akarudi na siku ya tatu, akaniuliza lile lile. Nilikataa mara zote tatu. Nilikuwa namfikiria mama yangu akinipokea njiani na kukuta shimo usoni pangu. Nilijiambia nitarudi na macho mawili, hata kama moja ni la kupamba tu. Simlaumu yule daktari. Katika watu wote nitakaowasimulia hapa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniuliza ninataka nini, nami nikamjibu vibaya.

Mwezi na zaidi ukapita. Nilikuwa nimerudi kazini. Mchana mmoja nikaona ukungu umeshuka juu ya mistari ya mkonge, mwepesi, mweupe, kama wa kwetu. Nilisimama nikaufurahia kidogo. Kisha nikakumbuka kwamba Kimamba hakuna ukungu saa saba ya mchana.

Kabla mvua za masika hazijaisha nilikuwa sioni kitu.

Meneja alikuja kambini na mnyapara mkuu. Nilisimama mlangoni kwangu, nikasikia viatu vyake, nikasikia sigara yake. Alisema na mnyapara kwa Kiswahili, si kwa ukali.

"Huyu hana kipande tena. Chumba ni cha mwenye kipande. Apelekwe kwao kwa treni ya wiki ijayo."

"Ndiyo, bwana."

"Ana nguo?"

"Anazo, bwana."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Wangenyoosha mkono wangenigusa.

Watu huniuliza kwa nini sikupanda ile treni, nami kila usiku nilikuwa naota kwetu. Ni kweli niliota. Hata mchana nilitamani mpaka kinywa kilijaa mate nikikumbuka maharage ya mama yaliyotiwa mawese mekundu. Mawese ya huku, yakipatikana, yalikuwa yamekaa sana safarini, yana ukali wa kopo. Lakini sikutaka kurudi kama gunia lililotoboka, lililoandikiwa linakokwenda. Nilitaka kwenda mwenyewe, siku niliyoichagua mwenyewe. Nikajificha mpaka treni ikaondoka.

Nilijificha katika banda la zamani la matoroli, nyuma ya korona, ile mashine inayosaga majani na kutoa katani. Humo walikuwamo wengine sita kama mimi. Mmoja alikuwa mtu wa Njombe ambaye korona ilimkata mkono wa kulia. Mwingine alivunjwa nyonga na toroli, akawa anatembea kwa kujivuta. Walikuwa wanaishi humo kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwafukuza.

Huko ndiko alikonikuta mwanamke aliyekuja kuwa mke wangu. Alikuwa mjane kutoka Mvumi, kijiji cha jirani, akija kambini kila Jumapili na sinia la mihogo ya kuchemsha. Nilikuwa nimemwona nikiwa na macho. Nilisimama mbele yake si mara moja, mbili, tatu, nikachagua muhogo, nikala, nikaondoka. Nimejaribu maisha yangu yote kukumbuka sura yake, na ninachokiona ni sinia. Naikumbuka mihogo, ilivyopasuka katikati na kutoa moshi. Naukumbuka mkono ukiweka chumvi kwenye kipande cha jani. Uso ulikuwa pale juu kidogo tu, sikuuangalia.

Nilimwambia hivyo tulipokuwa tumeshaoana. Akasema, "Basi ilikuwa mihogo mizuri."

Yeye ndiye aliyetuletea kazi. Nyuma ya korona palitupwa nyuzi fupi zisizofaa kiwandani, malundo na malundo. Aliomba kwa mnyapara tuziokote. Mtu wa Njombe alizungusha kijiti kwa mkono wake mmoja, mimi nikawa nalisha nyuzi kwa vidole, na kamba ikatoka kati yetu. Tulisokota kamba za vitanda na za kufungia ng'ombe. Wenye maduka pale Kimamba walizichukua, na tukaacha kuomba chakula.

Mwaka ule wote wa kwanza nilikuwa na karatasi niliyoithamini sana. Ilitoka boma la Kilosa, imepigwa muhuri, inasema kwamba kwa sababu ya upofu nimesamehewa kodi. Jumbe wetu, mkuu wa eneo aliyetambuliwa na serikali, ndiye aliyetuombea, sote saba, akatugawia kwa mkono wake. Nilimshukuru kwa moyo. Wenye miguu walikuwa wakiikimbia kodi vichakani. Mimi nililala na karatasi yangu chini ya kichwa.

Kisha tukasikia kwamba banda litavunjwa ili pawekwe mashine mpya. Jumbe alikuwa na baraza lake, na siku hiyo Bwana DC mwenyewe angekuja kusikiliza. Tukaenda. Wengine walikaa chini upande mmoja, sisi tukakaa mwisho, karibu na mbuzi. Shauri la mipaka likapita, na la kisima pia. Halafu nikamsikia Bwana DC akiuliza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama cha kitabu:

"Na wale vilema wa shambani, nani anawasemea?"

"Mimi, bwana," Jumbe akajibu. "Ni maskini wangu. Hawana shida. Wote wamepata vyeti."

Nilisimama. Mtu wa Njombe alinishika nguo, lakini nilikuwa nimeshasimama.

"Shikamoo, Jumbe. Naomba neno."

"Marahaba. Keti, ndugu yangu. Neno lako nimeshalisema."

"Hukulisema, Jumbe. Banda tunamolala linavunjwa."

Watu wakaguna. Jumbe hakukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Alisema kwa upole, kama anayemweleza mtoto: "Baraza hili ni la walipa kodi. Jina lako halimo kwenye daftari langu. Umesamehewa. Asiyedaiwa haulizwi. Keti upumzike."

Niliketi. Nikasikia kalamu ya Bwana DC ikikwaruza karatasi, kisha akaitwa mwenye shauri la ng'ombe.

Tukarudi bandani. Tulipofika, mke wangu alitaka kunipa uji, nikakataa. Nilimwomba anisomee kile cheti. Hakujua kusoma. Tukamwita mtu wa Njombe, aliyesoma kidogo kwa wamisheni, akanisomea polepole, neno kwa neno, mara mbili.

"Mahali gani panasema nisiseme?" nikamuuliza.

"Hapasemi."

"Lakini ndicho kinachofanya."

Mke wangu akauliza, "Mtu akikipeleka walikokitoa, watakipokea?"

Hatukujua. Sikuwahi kusikia mtu aliyefanya hivyo.

Tulisokota kamba msimu mzima wa kiangazi kutafuta pesa ya kodi, mpaka vidole vikatoka damu. Katika siku hizo akaja mtu wa kwetu, manamba mpya, ameshuka treni na kibuyu cha mawese kilichotoka kwa mama. Nilikizibua, nikanusa, nikakaa chini. Alikuwa na ujumbe pia. Mama alikuwa ameshasikia habari zangu.

"Amesema uje," yule mtu akaniambia. "Amesema hata kama huna macho, yeye anayo."

Nikamwambia, "Ukipata wa kurudi, mwambie nakuja baada ya baraza."

Sikumwambia baraza gani. Ningewezaje kumweleza mama, kule milimani, kwamba mwanawe anatafuta ruhusa ya kulipa kodi?

Tulikwenda Kilosa kwa miguu, mke wangu mbele akiniongoza kwa fimbo, mtu wa Njombe nyuma. Tuliondoka alfajiri, tukafika jua kali. Pale boma palikuwa na foleni, na karani alikuwa na sauti ya mtu aliyechoka.

"Shikamoo, bwana karani."

"Marahaba. Msaada hautolewi hapa. Nenda misheni."

"Sikuja kuomba. Nimeleta cheti changu cha msamaha. Nataka kukirudisha, nilipe kodi."

Nilisikia karani akiweka kalamu chini. Nyuma yetu mtu mmoja akacheka.

"Unataka kulipa kodi ambayo hudaiwi?"

"Ndiyo, bwana."

"Kwa nini?"

"Nataka niulizwe."

Nilisikia kiti kikisukumwa nyuma. Akaenda ndani. Tulisubiri mpaka jasho likanikaukia mgongoni, kisha jozi mbili za viatu zikaja, za karani na nyingine nzito.

"Nakukumbuka," alisema Bwana DC. "Ulikuwa karibu na mbuzi."

"Ndiyo, bwana."

"Sheria inakuhurumia. Nikipokea hii, itakuwa mimi nimekunyima huruma."

"Nashukuru kwa huruma, bwana. Nimekaa nayo mwaka mzima. Haikuniruhusu kusema kwamba nyumba yangu inavunjwa."

Akauliza, "Na hawa wenzako?"

"Na mimi narudisha," alisema mtu wa Njombe. Sikujua kwamba alikuwa amekibeba chake.

Bwana DC hakujibu siku ile. Alisema turudi Alhamisi. Tulilala kwa ndugu wa mke wangu karibu na mto Mkondoa, na Alhamisi tukarudi. Karani alituandika kwenye daftari, akasoma jina langu kwa sauti ili nisikie kwamba ameliandika sawasawa. Akanipa stakabadhi. Ilikuwa karatasi nyembamba kuliko cheti, haina hata muhuri mzuri. Njia nzima niliishika mkononi, sikutaka kuitia mfukoni.

Baraza lililofuata, Bwana DC akiwapo, nilisimama tena. Jumbe alifungua daftari, nikasikia akigeuza kurasa, akageuza tena. Kisha akasema, "Haya. Sema."

Nilikuwa nimepanga mengi. Nilikuwa nayo ya banda, ya kizuizi cha kuwekwa mbele ya mdomo wa korona ili isile mikono, ya wajane wa kambini. Nilipoanza, yote yaliniruka isipokuwa moja. Nilisema mtu aliyeumia kazini asitolewe chumbani mpaka yeye mwenyewe ameulizwa anataka kwenda wapi. Aulizwe yeye, si mnyapara. Nikarudia, kwa sababu sikujua niongeze nini, nikaketi. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nimeligeuzia baraza ubavu, nasema na ukuta.

Bwana DC alikwenda kuzungumza na meneja. Banda lilivunjwa, lakini tulipewa safu ya mwisho ya vyumba vya kambi na kivuli cha kusokotea kamba. Waliokuja kuumia baada yetu waliulizwa. Wengine walijibu kwamba wanataka kwenda kwao, wakaenda. Kizuizi cha korona kilichelewa sana, na kabla hakijawekwa mikono mingine miwili ilikwisha kwenda. Hiyo naihesabu juu yangu, kwa kusahau kwangu siku ile.

Nikapata nafasi kwenye benchi la baraza. Jumbe aliniambia ni kwa muda tu, lakini muda wenyewe ulikuwa miaka mitatu. Kila mara nilipotaka kwenda Buha kulikuwa na shauri linalokuja. Mtu amefukuzwa, mtu ananyimwa kazi nyepesi, na baraza ni wiki ijayo. Nilimtumia mama salamu kwa kila aliyerudi. Blanketi nililinunua, likakaa sandukuni. Usiku mwingine nililitoa nikalifunika magotini, nikasikiliza treni ya kwenda bara ikipita, nikahesabu moyoni stesheni ninazozijua mpaka usingizi ukanichukua.

Kisha Bwana DC wetu akahamishwa. Mpya alikuja na utaratibu mpya: baraza sasa ni halmashauri, katika chumba kile kile, yenye wajumbe walioandikwa na kuthibitishwa huko juu. Waliposoma orodha nilisikiliza mpaka mwisho. Kulikuwa na mjumbe wa wakulima, mjumbe wa wafanyabiashara, na kulikuwa na mjumbe wa vilema na wasiojiweza. Alikuwa mwalimu wa shule, kijana mzima wa viungo vyote.

Niliuliza kwa nini si mmoja wetu. Karani wa halmashauri akanijibu kwa adabu kwamba mjumbe lazima aweze kusoma taarifa. Nikamwambia nina mtu wa kunisomea. Akasema taarifa nyingine ni za siri.

Nikawa sina tena baraza la kungojea. Nikamwambia mke wangu, "Twende kwetu."

Tulipanda treni na lile blanketi. Siku mbili za treni na nyingine za miguu, na siku ya mwisho nikasikia baridi ikinipanda kwenye vifundo, nikajua tunapanda mlima. Nilimwomba aniambie anaona nini.

"Migomba," alisema. "Vilima vya kijani, kimoja nyuma ya kingine. Vile vya mbali ni vya buluu. Moshi unatoka kwenye nyumba lakini haupandi, unalala juu ya majani."

"Sema tena hapo pa moshi."

Akasema tena.

Mama alikuwa amezikwa tangu mvua zilizopita. Habari ilitumwa, ikapishana nasi au ikapotea. Walinipeleka kaburini, nikapapasa udongo. Ulikuwa umeshaota majani. Dada yangu alisema mama alikuwa akikaa upande wa nyumba unaotazama njia, hata siku za baridi. Blanketi nilimwachia dada. Alilikataa mwanzoni, kisha akalichukua.

Walitaka nibaki. Nyumba ilikuwepo, shamba lilikuwepo. Nilikaa miezi miwili, nikala maharage kwa mawese mpaka nikanenepa, na kila asubuhi nilitoka nje kusimama katika ukungu ule ambao sasa niliuona kwa ngozi tu. Lakini hapo kwetu nilikuwa kipofu wa nyumba ile. Watu walisema na mke wangu. "Anakula? Amelala?" Hawakuwa na ubaya. Nikaanza kutamani lile benchi la ubao kule kwenye joto, lililonichubua mapaja, kama nilivyokuwa nimevitamani vilima. Mtu mmoja kutamani sehemu mbili ni kazi kubwa. Nimeifanya mpaka uzee huu.

Tulirudi Kimamba. Wiki chache baadaye, tukiwa kivulini tunasokota, ilifika baiskeli. Mtu akashuka, akatuamkia wote, mmoja mmoja, akanifikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mimi ndiye mjumbe. Nimekuja kuuliza mnataka nikaseme nini."

Mtu wa Njombe aliacha kuzungusha kijiti. Mke wangu alimpa kigoda. Tulisema mpaka jioni, kila mmoja lake, na safari hii nilianza na kizuizi cha korona, ambacho kilikuwa kimelegea. Mwalimu aliandika yote. Alikuwa akiuliza, "Hivi ndivyo ulivyosema?" kisha anatusomea.

Alipofunga daftari nikamwambia, "Ukifika huko, usiseme umetuona. Sema tumesema."

"Nitasema hivyo, mzee."

"Na kiti chako kiko wapi mle ndani?"

Alishangaa kidogo. "Karibu na dirisha, mkono wa kulia."

Ndipo nilipokuwa nakaa mimi. Palikuwa na upepo, na sauti zote zilifika. Sikumwambia. Nilisikia akiisukuma baiskeli mpaka barabarani, akapanda, mnyororo ukaanza kulia kuelekea Kilosa, nami nikabaki nimeushika uzi wa katani vidoleni bila kuulisha, mpaka mtu wa Njombe akaniambia kamba inakatika.